Mto wa Kupigia Magoti Namba Kumi na Moja

Kila Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi, Avis Tranter aliingia katika kanisa kuu la Wendminster kwa mlango wa kaskazini, akatundika koti lake kwenye msumari nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo, akajaza ndoo maji ya vuguvugu na kuanza kupangusa. Alikuwa mmoja wa wanawake tisa wa kujitolea ambao mji mzima uliwaita Wapangusaji. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Rhoda Pask alikuwa na maaskofu wa mawe waliolala chali juu ya makaburi yao, na alikuwa akiwasugua masikio kwa mswaki. Avis alikuwa na kikanisa cha upande wa kusini, chenye dirisha moja, madhabahu ndogo, na mito kumi na minane ya kupigia magoti.

Jumanne ya kwanza ya Oktoba alichuchumaa kando ya mto namba kumi na moja, akapenyeza vidole vinne chini ya pembe yake, akauinua kidogo. Hakuuinua wote. Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna mtu aliyeweza kuuinua wote peke yake. Aliuinua upana wa kidole tu, akausikilizia kwenye kiwiko na begani, kisha akaushusha. Ulikuwa umepungua ratili tatu hivi tangu wiki iliyopita. Akaupangusa vumbi, akahamia namba kumi na mbili.

Mito ile ilikuwa inakua. Haikukua kwa ukubwa, kwani kila mmoja ulibaki na urefu ule ule wa dhiraa moja na unene ule ule wa mkate. Ilikua kwa uzito. Ilikuwa imeshonwa miaka thelathini na tisa nyuma, majira ya baridi, katika Nyumba ya Hawthorn iliyokuwa juu ya Mtaa wa Kisima, ambako wasichana waliopata mimba bila mume walifichwa mpaka wajifungue. Mtoto alipofikisha wiki sita, gari lilikuja mlangoni, na mtoto akapewa watu ambao mama yake hakuambiwa majina yao. Msimamizi wa nyumba hakupenda kuona mikono ya wasichana imekaa bure, kwa hiyo wake za makanoni wa kanisa kuu waliwaletea vitambaa vya matundu, nyuzi za sufu na picha za kufuatisha.

Picha zilikuwa historia ya mji. Namba moja ilikuwa mtakatifu na bata bukini wake. Namba nne ilikuwa mafuriko, namba saba tauni, namba kumi na nne askari waliofuga farasi ndani ya kanisa mwaka wa vita. Namba kumi na moja ilikuwa mnara wa kwanza, ule ulioanguka Jumapili moja adhuhuri miaka mia tisa iliyopita bila kumdhuru mtu, kwa sababu watawa walikuwa wamewahi kwenda kula. Pembeni mwa picha alisimama mtawa mmoja mwenye kijiko mkononi, akitazama vumbi. Avis alikuwa na miaka kumi na saba alipomshona mtawa yule. Kijiko kilimchukua siku mbili.

Wake za makanoni walikuwa na kanuni zao za kazi. Upande wa nyuma wa mshono sharti uwe safi kama wa mbele. Na kila mto sharti uwe na herufi za jina la aliyeushona, kwenye pembe ya chini, kwa uzi wa bluu. Mto ulipokamilika, bibi aliyekuwa akiusimamia alichukua sindano na kutia herufi za jina lake mwenyewe. Namba kumi na moja ilitiwa H.W., yaani Honor Wraxall. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Wasichana wale, kwa mujibu wa mji, hawakuwa pale. Na mtu asiyekuwepo hawezi kushona.

Jioni ya siku ambayo mtoto wa Avis alichukuliwa, mto wake ulikutwa na uzito wa mtoto wa wiki sita. Mwaka uliofuata ulikuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Mingine kumi na saba ilifanya vivyo hivyo, kila mmoja kwa mwendo wake. Wazee wa kanisa waliweka kadi ndogo kwenye ukuta: *Mito hii ni mizito. Tafadhali msiivute.* Baadaye, mito ilipofikia uzito wa vijana wa kubalehe, walinunua toroli fupi la magurudumu kutoka kiwanda cha pombe kilichofungwa, ili sakafu iweze kusafishwa kabla ya Pasaka. Wageni walioletwa na mabasi walipenda kujaribu kuinua mmoja wapo, na wenye kuwatembeza waliwaacha wajaribu, wakacheka, wakapita kwenda kuona dirisha.

Avis alirudi mjini akiwa na miaka ishirini na mbili. Alipata kazi kwenye duka la viatu, akapanga chumba karibu na mto Wend, akajiunga na Wapangusaji. Wakati ule aliweza bado kuupakata mto wake. Kila Jumanne aliuweka mapajani dakika moja, akaurudisha. Ulipofikia uzito wa mtoto wa miaka tisa mgongo wake ulikataa, akaanza kuuinua kwa pembe.

Hivyo ndivyo alivyomlea binti yake. Mwezi wa Machi, mtoto akiwa na miaka sita, mto ulipungua ratili nne katika wiki mbili, kisha ukazirudisha, na Avis akajua kuwa ilikuwa surua na kuwa imepita. Mwaka wa kumi na tatu uliongezeka haraka hata akaingiwa na fahari, akamwambia Rhoda kwamba binti ni mrefu. Mwaka wa ishirini na sita uliongezeka pole pole kwa miezi minane na zaidi, halafu, kati ya Jumanne na Jumanne, ukashuka ratili kumi na nne kwa mpigo. Siku hiyo Avis alinunua keki nzima sokoni. Muuza keki akamuuliza kuna sherehe gani. "Tumepata mtoto nyumbani," Avis akasema. Mara nyingine, miaka miwili baadaye, uliongezeka kwa miezi minne tu, ukashuka. Mwezi huo wote alikuja kanisani kila siku, akakaa karibu nao.

Na sasa ulikuwa unapungua, wiki baada ya wiki, bila kurudisha kitu.

"Umenuna nini leo?" Rhoda alimuuliza wakati wa chai. Walikaa juu ya ngazi ya chumba cha majoho, miguu imeelekea hita. "Una uso kama wa Askofu Godric wangu, na yeye ana sababu, amekufa."

"Amepungua tena."

Rhoda aliweka kikombe chini. "Kiasi gani?"

"Tatu. Na tatu wiki iliyopita. Na kabla ya hapo."

"Labda anajikondesha. Wanawake wa siku hizi hawali, mwenzangu. Binti yangu anatafuna majani kama sungura, halafu anashangaa kwa nini ana hasira."

"Mwezi wa nane nilisema hivyo hivyo. Mtu akijikondesha, Jumapili atakula keki. Huyu hali keki hata siku moja, Rhoda. Namjua."

Rhoda akasogea karibu. "Basi nenda kwa Kanoni Lyddon. Miaka yote hii hujaomba hapa hata pini. Kamwombe jina. Lile daftari la Hawthorn lipo kule juu, kila mtu anajua lipo kule juu."

"Nilikuwa na uzito wake," Avis alisema. "Nilidhani utanitosha."

"Na sasa?"

"Sasa nataka kwenda kumshika mkono kabla hajaisha."

Kanoni Lyddon alikuwa mtunza nyaraka wa kanisa kuu. Chumba chake kilikuwa juu ya ukumbi wa mlango wa kaskazini, ngazi arobaini na moja za kuzunguka, na daftari la Nyumba ya Hawthorn, lililoandikwa kila mtoto alipelekwa kwa nani, lilikuwa ndani ya sanduku la chuma nyuma ya kiti chake. Alikuwa mtu mpole, mdogo kwa Avis kwa miaka ishirini, mwenye mafua.

"Karibu, Bi Tranter, karibu ukae. Hapana, si hicho, hicho mguu wake mbovu, kimeshamwangusha kasisi mkuu mmoja. Kaa hapa. Utakula biskuti?"

Avis alikaa, akaeleza. Hakuchukua muda mrefu. Kanoni alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na alipomaliza akapenga kamasi kwa adabu.

"Ningependa sana kukusaidia."

"Basi nisaidie, Mchungaji."

"Kuna kanuni. Ilipitishwa na Baraza la kanisa zamani, akina mama kadhaa walipokuja kuomba kama wewe. Kanuni nzuri tu, ilikusudiwa kumlinda kila mtu. Inasema daftari litafunguliwa kwa ombi la mshonaji wa mto husika, na kwa yeye peke yake."

"Ndiyo. Mimi ndiye mshonaji."

"Inasema pia kwamba mshonaji atatambuliwa kwa herufi." Kanoni alilitamka neno kwa huzuni ya kweli. "Na herufi za namba kumi na moja ni H.W."

"Nazijua. Nilikuwepo alipozitia. Nilimshikia mkasi."

"Sina shaka. Una shahidi?"

"Mto wenyewe. Unafuata mwili wa mtoto wangu, haufuati wa mtoto wake. Bi Wraxall hajapata kuzaa."

Kanoni alikubali kwamba hiyo ilikuwa hoja nzito. Akaongeza kwamba Baraza halijawahi kuchukua uzito kama ushahidi, kwa sababu likianza na mto mmoja itabidi lifanye hivyo kwa yote kumi na minane, na washonaji kumi na saba walikuwa wameshafariki, wote wake za makanoni, wote majina yao yako kwenye kibao cha shaba ukutani. "Lakini Bi Wraxall yu hai," alisema, na uso wake ukachangamka. "Akiandika kwamba hakuushona yeye, herufi zitabatilika. Baraza linakaa Novemba. Nitaipeleka barua yake mimi mwenyewe. Chukua biskuti ya pili, tafadhali."

Bi Honor Wraxall alikuwa na miaka themanini na tisa, na alikaa nyumba namba tisa ndani ya ua wa kanisa, ile yenye ukuta wa matofali mekundu na mtufaha uliosambazwa juu yake kama mtu aliyenyoosha mikono. Alimkaribisha Avis sebuleni. Kulikuwa na chai, na keki ya kisibiti iliyokatwa vipande vyembamba. Vidole vya bibi vilikuwa vimepinda, na alimimina chai kwa viganja viwili.

"Ulikuwa yule mwenye mikono baridi," alisema, kabla Avis hajajitambulisha. "Nilikuletea glavu zilizokatwa ncha za vidole. Za kijivu."

"Za kahawia, Bibi."

"Kijivu."

"Basi za kijivu."

Avis akamwambia alichokuja kuomba. Bibi Wraxall alisikiliza, uso wake umeelekea dirishani, ambako mnara wa pili, ule ambao haujaanguka, ulionekana mpaka katikati.

"Niliufumua na kuushona upya upande wa kushoto," alisema hatimaye. "Nyuma ulikuwa na mafundo."

"Vidole vinne hivi, Bibi. Mawe ya chini ya mnara. Nakumbuka. Yaliyobaki yote ni yangu."

"Na mtawa?"

"Na mtawa."

"Yule mwenye kijiko. Watu wote humpenda yule. Askofu mmoja alinisifu kwa ajili yake, mbele ya watu, nikamshukuru." Akasogeza sahani ya keki. "Sikusema uongo, unaelewa? Hakuniuliza."

"Sikuja kukulaumu. Nataka jina tu. Jina na mji anaokaa. Nitapanda treni, nitakaa kwenye mlango wake kama muuza brashi, akitaka anifukuze. Anaisha, Bibi. Amebakiwa na ratili mia moja na tano. Alikuwa na mia moja na arobaini kiangazi kilichopita."

Bibi Wraxall alikunja leso yake mara nne. "Kuna kibao pale ukutani. Tuko kumi na wanane. Winifred, Maud, Sybil aliyenisimamia harusini. Wamebaki majina tu, hawawezi kujitetea. Nikiandika kuwa wangu sikuushona, nani ataamini kuwa wao walishona yao? Nitakuwa nimewafufua ili niwaaibishe." Akamtazama Avis kwa mara ya kwanza. "Nikifa, waambie wafumue herufi zangu. Nitaliandika hilo katika wosia. Hilo naweza."

"Hatakungoja, Bibi."

"Hapana," Bibi Wraxall alikubali. "Naona hivyo."

Hata hivyo aliandika. Ilimchukua wiki tatu, kwa vidole vile, na Kanoni Lyddon akapanda nayo ngazi arobaini na moja kama aliyebeba yai. Barua ilisema kwamba katika kushona mto namba kumi na moja, Bibi Wraxall *alisaidiwa na msichana mmoja*, ambaye mchango wake ulikuwa mkubwa.

Baraza likakaa Novemba chini ya picha za maaskofu. Liliisoma barua mara mbili, likaguswa. Likamwandikia Bibi Wraxall kumshukuru kwa unyenyekevu wake. Kuhusu ombi lenyewe, lilibaini kwamba kanuni inataja mshonaji, haimtaji msaidizi, na likaahirisha suala zima hadi kikao cha Februari ili neno hilo litazamwe vizuri. Kanoni Lyddon alikuja mwenyewe kumwambia Avis. Alimkuta amepiga magoti kwenye kikanisa, na sabuni mikononi.

"Februari si mbali," alisema.

"Sabini na nane, Mchungaji," Avis akamjibu. "Asubuhi hii."

Kanoni alikuwa na ufunguo wa sanduku mfukoni mwake. Avis aliona mkono wake ukienda mfukoni, ukakaa humo. Kisha ukatoka mtupu, akaomba radhi, akaenda kuongoza sala za mchana.

Desemba, mto ulishuka chini ya ratili sabini. Jumanne moja kabla ya Krismasi Avis aliinua pembe, akahisi, akaingiza mkono wa pili, na mto mzima ukaondoka sakafuni. Aliketi chini pale pale, mgongo kwenye ukuta, akaupakata. Hakuwa ameupakata tangu binti ana miaka minane. Rhoda alimkuta hivyo.

"Utavunjika kiuno, mwanamke wewe."

"Nishikie zamu yangu."

"Nimeshakushikia. Nimewapangusa malaika wako wa madhabahuni, na mmoja ana pua chafu kuliko ya Kanoni." Rhoda alitupa koti lake sakafuni ili rafiki yake asikalie jiwe tupu, akamsaidia kuinuka na mto wake na kukaa tena. Halafu akakaa naye, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwenye muda wa kazi.

Tangu hapo Avis alikuja kila siku. Alikuja saa tisa alasiri, baada ya duka kumpa ruhusa, akauchukua mto na kukaa nao mpaka mwisho wa ibada ya jioni. Watunza kanisa walimwekea kiti. Watalii walimpita kimya, wakidhani ni sehemu ya ibada. Alizungumza na mto kidogo kidogo, mambo ya kawaida: kwamba bei ya samaki wa kukaushwa kwa moshi imepanda, kwamba Wend umejaa mpaka kwenye ngazi za wafua nguo, kwamba mjukuu lazima sasa ana miaka kumi na tatu na ana haki ya kuwa mkaidi kidogo. Alimwita Linnet, jina alilompa kwa wiki sita. Hakuwa na jingine.

Siku ya Mwaka Mpya ulikuwa na ratili hamsini na tano. Wiki ya pili ya Januari alijua kwamba hakuna mwanamke mzima anayeweza kupungua zaidi ya hapo. Alimwandikia Kanoni kijikaratasi, akakipenyeza chini ya mlango wa ngazi: *Tafadhali. Wiki hii.* Kanoni aliandika nyuma yake: *Nawaombea nyote wawili kila asubuhi*, na ilikuwa kweli.

Alhamisi ya tarehe kumi na nne, kwaya ilikuwa ikiimba wimbo wa Mariamu. Avis alikuwa na mto mapajani, mkono mmoja juu ya mnara na mwingine chini yake. Katikati ya wimbo alihisi miguu yake ikiinuka. Haikuinuka, ni uzito uliokuwa umeondoka, nayo, iliyozoea kuubeba, ikawa inasukuma hewa. Mapajani mwake palikuwa na mto wa sufu, wa ratili mbili, wenye picha ya mnara. Aliupima kwenye viganja. Akaugeuza. Akaupima tena. Kwaya ikamaliza, watu wakakaa, kasisi akasoma somo la pili.

Avis alikaa mpaka taa zilipopunguzwa. Kisha akaurudisha mto mahali pake, kati ya namba kumi na namba kumi na mbili, ambayo haikutikisika alipoigusa kwa mguu, akaenda nyumbani.

Kwa siku kadhaa alisoma magazeti ya miji mingine katika maktaba, ukurasa wa matangazo ya vifo. Wanawake waliofariki tarehe kumi na nne walikuwa wengi. Wenye miaka thelathini na tisa walikuwa saba, na wote walikuwa na mama waliotajwa kwa jina.

Februari, Baraza lilikaa. Kanoni Lyddon akaripoti kwamba mto namba kumi na moja sasa una uzito wa kawaida, na kwamba mtu mmoja anaweza kuubeba. Baraza lilifurahi kusikia. Mwenyekiti akasema kwamba, kwa kuwa uzito ndio uliokuwa msingi wa ombi, suala sasa limejimaliza lenyewe, na lisirudishwe. Avis alikuwa ameomba kuambiwa angalau kaburi liko wapi. Hilo lilikuwa ombi jipya, na maombi mapya yalipaswa kufuata kanuni ile ile.

Katika kikao hicho hicho mjumbe mmoja alikumbusha kwamba Bibi Wraxall anatimiza miaka tisini mwezi wa Machi, na kwamba ndiye mshonaji wa mwisho aliye hai. Ingekuwa jambo jema kumpa zawadi. Na sasa kuna mto mmoja unaoweza kubebeka.

Sherehe ilifanyika Jumapili baada ya ibada, ndani ya kikanisa, na chai ikatolewa. Wapangusaji walisimama nyuma na sahani za mikate. Mwenyekiti wa Baraza alitoa hotuba fupi juu ya mikono ya wanawake na historia ya mji, akamsifu mtawa mwenye kijiko, watu wakacheka kwa upendo. Kisha akamkabidhi Bibi Wraxall mto. Bibi alikuwa amekaza mikono ili kuupokea, kama wote walivyozoea kuikaza mbele ya mito ile, na mto ukaruka mpaka kidevuni pake kwa wepesi wake. Watu wakapiga makofi.

Bibi Wraxall hakutabasamu. Alipitisha macho mpaka nyuma ya umati, akampata Avis.

Wakati wa kuondoka, Avis ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Aliufungua na kuushikilia. Bibi Wraxall akasimama kizingitini, mto kifuani, mpwa wake akimsubiri nje na gari.

"Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi nilimwita Linnet, Bibi. Walivyomwita wao sijui."

Bibi alitikisa kichwa polepole. Mikono yake ilisogea mbele kidogo, pamoja na mto, upana wa kidole kimoja, labda viwili. Nyuma yao mtu akasema hongera sana Bi Wraxall, kazi nzuri kweli kweli, na mpwa akampungia. Mikono ikarudi kifuani.

"Asante, mwanangu," Bibi Wraxall alisema, kwa kushikiliwa mlango, akatoka.

Jumanne iliyofuata Avis aliingia kwa mlango wa kaskazini, akatundika koti, akajaza ndoo. Rhoda alimuuliza kama anataka wabadilishane, yeye achukue maaskofu. Avis akasema hapana, kuna kumi na saba wengine pale, na mama zao hawako, na mtu lazima awaangalie. Namba tano alikuwa ameongezeka kidogo. Ilionekana ni mimba. Namba kumi na sita alikuwa amenenepa tangu Krismasi, akamkanya.

Alipofika kati ya namba kumi na namba kumi na mbili, alikuta sakafu imebonyea. Jiwe lilikuwa limeshuka taratibu miaka thelathini na tisa chini ya mto, likaacha shimo la kina cha sahani, laini, lenye umbo la kitu kilicholala. Fundi mawe alikuwa ameshalipima na kulizungushia chaki; angekuja Ijumaa kulisawazisha, watalii wasijikwae Pasaka. Avis alipiga deki kuzunguka. Maji yaliteremka yakatulia humo, safi, na kwenye maji kikaonekana kipande cha dirisha. Hakuyakausha. Alikaa kando yake, magoti yamekunjwa, mpaka yalipokwisha yenyewe.